Mgongoni mwa Mfalme: Viwambo vya Laka vya China na Maneno Yaliyomo Ndani Yake

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mafundi seremala na wanafunzi wa ufundi hapa Dar es Salaam. Siku ile mvua iliwazuia wengi, nao wameomba waisome. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wetu, mafundi wenzangu wa Keko, mama zangu mliokuja na vijana wenu, na ninyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti. Mkutano wa maseremala, na viti havitoshi! Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nianze na mkono huu. Mnauona? Leo uko sawa. Lakini nilipofika Yangzhou, mji mmoja wa China ulio jirani na mto Yangtze, kwa mafunzo ya miezi mitatu, siku ya nne tu mkono huu ulivimba nikashindwa kufunga kifungo cha shati. Vipele kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Jicho la kushoto limejifunga kama la mtu aliyeumwa na nyuki. Je, sikuonywa? Nilionywa. Nilipewa glavu, nikazivua. Mimi ni fundi, na fundi asipogusa kitu haridhiki.

Alikuja mama mmoja mtu mzima, fundi mkuu wa karakana ile, wote wakimwita shifu. Akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. Kijana aliyekuwa akinitafsiria akasema: "Anasema laka imekuuma." Ndivyo wasemavyo kule. Haisemwi kwamba laka inawasha. Laka inauma, kama mbwa.

Sasa ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Newala. Muwasho ule haukuwa mgeni kwangu. Nilikaa kitandani usiku, najikuna, najiuliza: huu moto nimeukuta wapi? Ndipo nikakumbuka mikono ya mama yangu. Mama alibangua korosho. Mnaotoka Mtwara na Lindi mnajua ninachosema. Unazikaanga kwenye karai, mafuta ya ganda yanashika moto, moshi mweusi unapanda, kisha unapaka majivu viganjani na kuanza kugonga moja moja. Na majivu hayo hayatoshi. Ngozi ya vidole vya mama ilikuwa nyeusi, inabambuka kama ganda la mti. Sisi watoto tulichukua mafuta yale yale tukachorana alama mikononi, na alama zikakaa.

Nilipouliza, nikaelezwa jambo ambalo lilinifanya niusamehe ule mkono. Mti wa laka, mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Ndugu wa damu kabisa! Kinachochubua midomo yako unapokula embe lenye utomvu, kilichokula vidole vya mama yangu, na kilichonivimbisha mimi Yangzhou, ni vitu vya familia moja. Tofauti ni kwamba Wachina waliutazama utomvu ule unaouma, wakaona ukikauka unakuwa kitu ambacho maji hayakipenyi, mdudu hakili na tindikali haikiharibu kirahisi. Wakaanza kuupaka kwenye mbao. Lini? Kuna bakuli moja la mti lililopakwa laka nyekundu, lilifukuliwa Hemudu, mkoa wa Zhejiang. Umri wake ni kama miaka 7,000.

Elfu saba, jamani. Wakati ule hata chuma hakijajulikana.

Sasa niwaulize mafundi. Laka unayopuliza pale Keko, ile ya kwenye kopo, inakaukaje? (Sauti: "Jua!") Naam. Tina, ile ya kuzimulia laka, inapaa, kinachobaki juu ya mbao kinaganda. Mvua ikinyesha unapiga kite, kwa sababu kazi italala na mteja anapiga simu. Laka ya mti ni kinyume chake kabisa. Haikauki kwa jua. Inakauka kwa unyevu! Wana chumba maalumu, kina joto la wastani, hewa yake ina unyevu wa asilimia 70 hadi 80, na kitu kilichopakwa kinaingizwa humo kama mgonjwa anayeingizwa wodini. Utomvu unavuta unyevu na hewa, unajifunga wenyewe kwa wenyewe, unakuwa mgumu. Siku ya ukame ndiyo siku mbaya kwao. Mimi nilicheka niliposikia. Masika yetu ya Dar es Salaam, ambayo tunayalaani kila mwaka, yangekuwa neema kwa fundi wa Yangzhou.

Na utomvu wenyewe haupatikani kirahisi. Mti unangojewa kama miaka kumi. Kisha mtu anaamka alfajiri wakati wa kiangazi chao, anakata gome kwa mshazari, anakinga matone. Wana msemo wao: maili za kutembea mia, mikato ya kisu elfu, laka nusu kilo. Nimegeuza vipimo vyao kidogo, lakini jasho ni lile lile.

Tuje kwenye kiwambo chenyewe. Wao wanakiita pingfeng. Ping ni kukinga, feng ni upepo. Kikinga-upepo. Sisi Keko tungesema patisheni, na mteja angesema "ile ya kugawa sebule na daini". Ni mapande ya mbao yaliyounganishwa kwa bawaba, yanajikunja na kujikunjua, au ubao mmoja uliosimamishwa kwenye miguu. Aina moja ndiyo ninayotaka muione vizuri, ile ambayo wanaiita kuancai, maana yake rangi zilizochongwa, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha subira.

Unaanza na ubao. Juu ya ubao unabandika kitambaa. Juu ya kitambaa unapaka tabaka nene la udongo wa matofali yaliyosagwa, uliochanganywa na laka mbichi, na mara nyingi na damu ya nguruwe. (Kicheko.) Ndiyo, hata mimi nilirudi nyuma hatua moja. Unasugua, unapaka tena, unasugua. Kisha laka nyeusi, tabaka juu ya tabaka, kila moja inalala kwenye chumba cha unyevu, inatoka, inasuguliwa kwa mkaa laini. Msasa wa mwisho, mnajua ni nini? Ni kiganja. Kiganja cha mkono, mafuta kidogo na vumbi laini, na mtu anasugua kwa nyama ya mkono wake hadi uso ule mweusi unakuwa kama maji ya kisimani usiku. Nilimwona shifu akisugua. Alifumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa kiganja mahali palipobaki mkwaruzo.

Na baada ya kazi yote hiyo, uso unang'aa, mweusi, hauna hata doa, ndipo wanachukua patasi na kuuchimba! Wanakata laka mpaka wafike kwenye lile tabaka la udongo, wanaacha mistari myembamba isimame, na mashimo wanayajaza rangi: kijani, nyeupe, nyekundu, buluu. Nyumba, miti, farasi, wanawake wenye vipepeo vya kujipepea mikononi. Ukipitisha kidole unasikia kingo.

Mtu mwenye akili zake atauliza: taabu yote hii kwa ajili ya patisheni?

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwa sababu kiwambo kile kilikuwa na kazi kubwa kuliko kukinga upepo. Kilikuwa kinasema. Kilisema pale ambapo mdomo ulikuwa hauruhusiwi kusema, au pale ambapo mdomo ungesema mara moja tu na kusahaulika.

Tuanze na wafalme. Zamani sana China, katika utawala wa Zhou, mfalme aliposimama kupokea watu alielekea kusini, na nyuma yake kulikuwa na kiwambo kilichochorwa mashoka. Mashoka tu. Hapana maua, hapana ndege. Wewe unayeingia na shida yako unamwona mfalme ametulia, hajafoka, hajanyanyua sauti. Lakini nyuma yake? Mashoka. Ujumbe umeupata au hujaupata? (Sauti: "Umepatikana!") Na mpaka leo ukienda Beijing, kwenye kasri la wafalme, kiti cha enzi katika ukumbi mkuu kina kiwambo nyuma yake, kimepakwa laka na dhahabu, kimejaa madragoni. Mwenyewe hayupo tena, kiwambo bado kinasema.

Kuna hadithi ya mwaka 227 kabla ya Kristo. Masimulizi yake yako zaidi ya moja. Mimi nawapa lile ninalolipenda. Mfalme wa Qin, yule ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa kwanza wa China yote, alitembelewa na mjumbe anayeitwa Jing Ke. Mjumbe amebeba ramani iliyokunjwa. Ndani ya ramani kuna jambia. Ramani inakunjuliwa taratibu, taratibu, jambia linatokea, na mjumbe anamkamata mfalme mkono wa nguo. Mfalme anaomba jambo moja: kabla sijafa, niacheni nisikie kinanda. Anapigiwa. Na mwanamke anayepiga anaimba. Anaimba nini? Kwamba nguo ya hariri inaweza kuchanika. Kwamba kiwambo cha futi nane kinaweza kurukwa. Kwamba upanga mrefu ukibebwa mgongoni unaweza kuchomolewa.

Mjumbe hakuelewa fumbo. Mfalme akaelewa. Akauchana mkono wa nguo, akaruka kiwambo, akachomoa upanga, akapona.

Mama zangu wa taarabu, hiyo ni nini kama si mafumbo? Kuna mtu mle ukumbini aliyeambiwa na kuna mtu aliyesikia muziki tu. Na angalieni: kiwambo, kile kile kilichomfanya mfalme aonekane mkubwa, siku hiyo kilikuwa kikwazo kati yake na uhai wake. Ilibidi akiruke.

Mfalme mwingine alikitumia kwa namna ambayo mimi naiona ni ya busara kuliko zote. Huyu ni Taizong wa utawala wa Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 626 hadi 649. Nchi kubwa, wakuu wa majimbo wengi, wako mbali. Atawakumbukaje? Aliandika majina yao kwenye viwambo, akaviweka pale anapolala. Kila aliposikia habari ya mmoja wao, jema au baya, liliandikwa chini ya jina lake. Akiamka anawaona. Akilala anawaona. Hebu fikirini mkuu wa mkoa anajua kwamba jina lake liko chumbani kwa mfalme, na chini yake kuna nafasi wazi.

Na hakuishia kwa watumishi wake. Alikuwa na mshauri, Wei Zheng, mtu mwenye ulimi mkali na asiyeogopa. Wei Zheng alimwandikia waraka wa kumkosoa yeye mwenyewe mfalme, kwamba zamani ulikuwa hivi, siku hizi umekuwa hivi, umelegea. Mfalme alifanya nini? Alikasirika? Huenda. Lakini aliagiza waraka ule uandikwe kwenye viwambo, ili auone asubuhi na jioni. Lawama zake mwenyewe, aziweke sebuleni! Nani kati yetu ana barua ya mteja aliyelalamika, ameitia fremu na kuitundika juu ya meza ya kazi? Nyanyua mkono. (Kicheko. Hakuna aliyenyanyua.) Hata mimi sinyanyui.

Kiwambo kingine nataka mkione kwa karibu, kwa sababu hiki kipo, kilifukuliwa kwenye udongo. Mwaka 1965, karibu na mji wa Datong, mkoa wa Shanxi, lilifunguliwa kaburi la mtu mkubwa anayeitwa Sima Jinlong, aliyefariki mwaka 484. Ndani walikuta mbao za kiwambo. Laka nyekundu, nyekundu ya damu ya mzee, na juu yake watu wamechorwa kwa mistari myembamba, kila hadithi na maelezo yake yameandikwa pembeni kwa wino mweusi juu ya vibao vya rangi ya manjano. Karibu miaka 1,500 ardhini, na bado unasoma. Ni hadithi za wanawake wema na watoto watiifu.

Ubao mmoja una hadithi ya Bibi Ban, mke mdogo wa mfalme Cheng wa utawala wa Han. Mfalme alimwita apande naye kwenye machela. Heshima kubwa. Bibi Ban akakataa. Alimweleza kwamba katika picha za kale, wafalme wenye hekima wamechorwa pamoja na mawaziri wazuri ubavuni, na wafalme wa mwisho, wale walioangusha falme zao, ndio waliochorwa na vipenzi vyao. Kwenye ubao ule mfalme yuko juu ya machela, wabebaji wamenyanyua, naye ameketi peke yake. Bibi anatembea nyuma kwa miguu.

Mmeona kilichotokea? Mwanamke alitumia picha kumkosoa mfalme, naye mwenyewe akageuka picha.

Nikiri hapa kwamba nina neno dogo la kulalamika. Hadithi za namna hii ziliwekwa mbele ya wanawake wa nyumba kubwa kuwafundisha adabu. Kaa hivi, tembea hivi, kataa hivi. Dada yangu mmoja nilipomsimulia aliniuliza: "Na kiwambo cha kuwafundisha wanaume kiko wapi?" Nilimtajia Taizong na waraka wa Wei Zheng. Akasema mmoja hatoshi. Sina la kumjibu. Lakini Bibi Ban nampenda, kwa sababu ukimtazama vizuri yeye hakufundishwa, alifundisha.

Sasa tushuke kwenye nyumba za watu. Karne ya 17, katika utawala wa mfalme Kangxi, ndipo vile viwambo vya kuchongwa vilipovuma. Mapande 12 ndiyo kawaida yake, vinaziba ukuta mzima wa ukumbi. Na vingi vilitengenezwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya zawadi. Mzee anatimiza miaka 60 au 70, afisa anapandishwa cheo, basi marafiki, wakwe na walio chini yake wanachanga pesa, wanaagiza kiwambo. Mbele wanachora sherehe. Nyuma wanaandika sifa za mzee, tarehe, na majina yao waliochanga. Majina! Ndugu zangu, hilo si daftari la michango ya harusi? Kamati, ahadi, na orodha. Sisi tunaandika kwenye daftari na kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Wao waliandika kwenye laka, na miaka 300 baadaye bado inajulikana nani alichanga.

Picha iliyopendwa mno kwa zawadi hizo ni ya jemadari Guo Ziyi, aliyezaliwa mwaka 697 na kufariki mwaka 781, aliyeuokoa utawala wa Tang wakati wa uasi. Anaketi katikati ya ukumbi siku ya kuzaliwa kwake, na watoto wake wanane wa kiume na wakwe zake saba, wote wenye vyeo, wanaingia kumsalimia. Farasi uani, watumishi na sinia, watoto wadogo wanakimbizana. Inasimuliwa kwamba wajukuu walikuwa makumi, naye hakuweza kuwatambua. Wakija kumwamkia alikuwa anatikisa kichwa tu. Mzee Rajabu hapo mbele anacheka, anajijua. Kumpa mtu picha ya Guo Ziyi ilikuwa ni kumwambia: na wewe Mungu akupe uzee wa kushindwa kuwahesabu wajukuu.

Na pembezoni mwa picha kuna mchezo mwingine, mchezo wa sauti. Popo kwa Kichina ni fu. Baraka nayo ni fu. Basi wakichora popo wamechora baraka. Chombo cha maua, sauti yake ni ping, na amani nayo hutamkwa ping. Ukiona chombo cha maua kimewekwa pembeni, usidhani fundi alikosa cha kuchora. Kaandika amani. Mimi nilipoona popo watano wamezunguka ukingo nilishtuka kidogo. Kwetu ukimpelekea mzee popo kwenye zawadi atakuuliza kama umemtumia Popobawa! Lakini je, ni kitu kigeni kwetu, nguo au samani kusema? Mama zangu mmejifunga kanga leo. Kila kanga ina jina lake pale chini. Kuna mtu ananunua kanga kwa ajili ya rangi na kuna anayenunua kwa ajili ya jirani. Mnaelewana. Mtu wa kando haelewi, anaona kitambaa kizuri.

Na hicho ndicho kilichovipata viwambo vilipotoka nyumbani.

Vilipakiwa melini, vikapitia pwani ya Coromandel, kusini-mashariki mwa India, ambako makampuni ya biashara ya Ulaya yalikuwa na vituo. Vilipofika Ulaya vikaitwa viwambo vya Coromandel, na jina hilo limevigandia mpaka leo, ingawa havikutengenezwa huko hata kimoja. Vilipita tu. Kitambaa chetu cha marekani angalau kilitoka Marekani kweli.

Wazungu walivipenda sana. Wakavikata. Nasema wakavikata, kwa msumeno, wakatengeneza makabati na kupachika vipande kutani. Mwaka 1688 Waingereza wawili waliokuwa wanaandika kuhusu kazi ya kupaka laka walilalamika kwa dhihaka: mafundi wanakata viwambo vya zamani bila kutazama picha, watu na miti vimepinduka vichwa chini, na waliochorwa wakitembea ardhini sasa wanasafiri hewani. Fikirini Guo Ziyi, siku yake ya kuzaliwa, amekuwa mlango wa kabati, miguu juu! Pale Leeuwarden, Uholanzi, kabla ya mwaka 1695 chumba kizima cha kasri kilivalishwa vipande vya viwambo vya kuchongwa. Sasa kimehamishiwa makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Ni kizuri, siwezi kukataa. Lakini ni kama barua iliyokatwakatwa ikafanywa ua.

Nilikuwa tayari kuwacheka. Kisha nikakumbuka Kunduchi. Mmefika kwenye magofu yale? Kuna makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo wahenga wetu walipachika mabakuli ya China. Bakuli la mtu kulia chakula, sisi tukaliweka kaburini. Aliyelifinyanga angesemaje? Basi niliacha kucheka. Ninalosema ni moja: wahenga wetu hawakulikata bakuli. Waliliweka zima, uso wake nje, na wakalipa kazi mpya ya kumkumbuka marehemu. Msumeno ni jambo jingine.

Nimalizie na kiwambo kimoja ambacho kila nikikosa usingizi nakifikiria. Mfalme Qianlong alijijengea bustani ndani ya kasri la Beijing, miaka ya 1770, ili akistaafu apumzike humo. Ndani ya jumba moja kulikuwa na kiwambo cha mapande 16. Mbele, kwenye laka nyeusi, kuna watakatifu 16 wa Kibuddha, wamepachikwa kwa jiwe jeupe la thamani, wazee wenye nyusi ndefu na migongo iliyopinda. Mapande yale yaliegemezwa ukutani. Yakakaa hivyo zaidi ya miaka 200.

Mafundi wa ukarabati wa siku zetu walipoyatoa ukutani na kuyageuza, nyuma wakakuta maua. Kila pande na mmea wake, umechorwa kwa dhahabu juu ya laka nyeusi, mpya kabisa, kwa sababu mwanga haukuwahi kuugusa. Fundi yule alijua kwamba upande ule utatazama ukuta? Sijui. Mimi kama fundi nimejiuliza sana, na nimeona kwamba kabati zangu nyuma naziba kwa plaiwudi, hata randa siipitishi. Msinitazame hivyo, na zenu nazijua!

Basi, muda wa mwenyekiti nimeula. Pale mezani, kando ya chai, nimeweka kipande nilichokitengeneza Yangzhou. Ni kidogo, ukubwa wa sahani, kina popo mmoja ambaye shifu alisema anafanana na kuku. Mnaotaka kukishika, kishikeni, ila msikiweke juani. Na ukikishika, kigeuze. Nyuma nimeandika jina la mama yangu kwa mkato wa patasi. Herufi zimekwenda upande, kwa sababu wiki ile mkono ulikuwa umevimba tena. Msiogope. Kimeshakauka, hakiumi.